Ndoto ya Utotoni na Insafu ya Ukubwani: Tafakuri juu ya Filamu ya Gombe

Mtu mzima arejeapo hadithi aliyoipenda utotoni hudai haki mbili zigombanazo: kuonjeshwa tena ladha ya kwanza, na kuambiwa yale ambayo hadithi za watoto aghalabu huyanyamazia. Filamu yoyote ijasirio kumrejesha huko yapasa kupimwa kwa haki hii ya pili, na kwetu sisi hapana mfano bora kuliko *Jane*, aliyoitengeneza Brett Morgen mwaka 2017 kwa picha zilizopigwa Gombe, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Kigoma.

Jane Goodall, aliyezaliwa London mwaka 1934, alilelewa na visa vya Tarzan na vya Daktari Dolittle, tabibu asemezanaye na wanyama. Na tarehe 14 Julai 1960, akifuatana na mama yake, Vanne, aliteremka Gombe kuwachunguza sokwe na kuitafuta dunia ile ya vitabuni. Mpiga picha, Hugo van Lawick, alifika mwaka 1962, akamwoa Jane mwaka 1964; hivyo picha hizo, zaidi ya saa 100, zilizogunduliwa ghalani mwaka 2014, ni kumbukumbu za nyumba moja: mume amtazamaye mkewe, kisha mtoto wao achezaye mchangani.

Fadhila ya filamu hii ni kwamba haikusita kuivunja ndoto. Twaonyeshwa sokwe waliopooza kwa polio mwaka 1966, na vita vya makundi ya Kasakela na Kahama, vilivyodumu tangu 1974 hadi 1978, ambamo sokwe waliokuwa wa kundi moja waliuana. Hapo Dolittle hana la kusema, na mtazamaji hulazimika kukua.

Hata hivyo, insafu hiyo ni nusu. Januari 1974, madume wa Kasakela walipomvamia Godi wa Kahama, aliyekuwa akila peke yake, aliyelishuhudia shambulio lile la kwanza ni Hilali Matama, mtafiti Mtanzania. Na mwaka uliofuata, wanafunzi wanne walipotekwa na watu waliotoka ng'ambo ya ziwa na wageni wakalazimika kuondoka, Watanzania ndio walioendelea kuwafuata sokwe milimani na kuandika waliyoyaona, hata utafiti usikatike. Ilhali katika filamu msimulizi ni Jane, nao hawapewi nafasi ya kusimulia.

Yamkini atatokea wa kunena kwamba filamu yenye jina la mtu ina haki ya kumtazama mtu huyo tu. Hoja hiyo ingalikubalika lau hadithi za mwanzo zisingalikuwa na kasoro iyo hiyo: kitabu cha kwanza cha Dolittle, cha mwaka 1920, kiliwafanya Waafrika kichekesho, na katika msitu wa Tarzan mwenyeji alipewa heshima ya kusikilizwa kwa nadra. Basi kurejea ukubwani na kuliacha pengo hilo kama lilivyokuwa ni kuuhuisha utoto pasina kuuvuka.

Jane mwenyewe aliuvuka. Alipoona misitu nje ya hifadhi imekwisha kwa shoka na jembe, alitambua kwamba sokwe hawataokoka ikiwa jirani zao wana dhiki, na mwaka 1994 mradi wa Tacare, wa kuhifadhi misitu na kuinua maisha, ukaanza pamoja na wanavijiji wa Kigoma. Sasa, baada ya kufariki kwake Oktoba 2025, bila shaka kisa chake kitafanyiwa filamu nyingine. Na watakaozitengeneza wana wajibu wa kuwapa usemi wazee na watafiti wa Gombe, kwa Kiha na kwa Kiswahili, ili watoto wa Mwamgongo na Ujiji, huko Kigoma, wakue na kisa hicho wakijua kwamba wazee wao nao walikitenda.