Lupa: Historia ya Dhahabu na Uhaba wa Maji

Mtu anayeijua Songwe kwa kupita Tunduma huondoka na picha ya malori, foleni ya kuvuka kwenda Nakonde nchini Zambia na biashara ya mpakani isiyolala. Dhahabu ya mkoa huu iko mbali na barabara hiyo, kaskazini, kwenye ardhi kavu inayoteremka kuelekea Ziwa Rukwa: Mkwajuni, Saza na vijiji vinavyopakana na Chunya. Hadi 2016, mkoa ulipomegwa kutoka Mbeya, eneo lote hilo lilihesabiwa pamoja, na kwa wanajiolojia bado ni kitu kimoja, yaani machimbo ya Lupa, ambako dhahabu ya mtoni iligunduliwa 1922. Karne nzima imepita, na maelezo yanayorudiwa kuhusu upotevu wa dhahabu laini ya Lupa, yaani ya chembe ndogo sana, ni kwamba mchimbaji mdogo hana elimu ya kuichenjua. Naona maelezo hayo hayamtendei haki. Historia ya Lupa inaonyesha kwamba dhahabu laini imemponyoka mchimbaji kwa sababu maji, pamoja na mashine zinazohitaji maji, karibu kila mara yamekuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Ugumu wenyewe unaanzia kwenye karai. Mchanga mweupe una uzito wa takriban mara 2.65 ya maji, mchanga mweusi, ambao ni punje za madini ya chuma kama magnetaiti na ilmenaiti, hukaribia mara 5, na dhahabu safi hufika mara 19. Karai likizungushwa majini, mchanga mweupe huondoka bila shida. Mweusi hung'ang'ania chini pamoja na dhahabu, na hapo ndipo uzito peke yake unaposhindwa kuamua, kwa kuwa chembe ndogo ya dhahabu iliyopondwa ikawa bapa hushuka polepole kuliko punje nene ya chuma, na ikiwa kavu inaweza hata kuelea na kusombwa. Sumaku husaidia kuondoa magnetaiti na vipande vya chuma vinavyomeguka kwenye gololi za karasha, mtambo wa kusaga mawe. Ilmenaiti haivutiki kirahisi hivyo. Arthur Wilfley, mhandisi wa Colorado nchini Marekani, alilijibu tatizo hilo katika miaka ya 1890 kwa meza ya kutikisika. Uso wa meza umeinama kidogo na una mbavu nyembamba. Maji hutiririka juu yake kwa utando mwembamba, huku mtikisiko ukisukuma mchanga kwa urefu wa meza. Mchanga mwepesi husombwa na kuanguka ubavuni mapema, mweusi hufika mbele kidogo, na dhahabu hutembea kati ya mbavu hadi mwisho. Meza hiyo inadai mchanga uliochekechwa kwa ukubwa, mtikisiko usiobadilika na, zaidi ya yote, maji yasiyokatika.

Maji hayo ndiyo Lupa haikuwa nayo. Uingereza ilipoachana na kiwango cha dhahabu Septemba 1931, na Marekani ilipopandisha bei kutoka dola 20.67 hadi 35 kwa wakia Januari 1934, wazungu waliopoteza kazi na mashamba katika mdororo wa uchumi walimiminika Chunya. Walikuta mito inayotiririka msimu mmoja wa mvua kisha inabaki mchanga mtupu kwa miezi mingi. Aliyekuwa na eneo karibu na dimbwi la kudumu aliosha mwaka mzima. Wengine walisubiri mvua, au walitumia mashine za kupepeta kwa hewa, ambazo hubakiza dhahabu nene na kuacha ile laini iondoke na vumbi au ifukiwe kwenye kifusi. Na waliobeba mchanga huo hawakuwa wao. Walikuwa vibarua kutoka Unyakyusa, Usafwa, Unyiha na hata ng'ambo ya mpaka. Godfrey Wilson na mkewe Monica, wanaanthropolojia waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walieleza jinsi vijana walivyokwenda Lupa kutafuta fedha, na jinsi fedha hizo zilivyobadilisha mambo ya ng'ombe na mahari nyumbani. Ni vigumu kuamini kwamba maelfu ya watu walioshika karai siku nzima, mwaka baada ya mwaka, walirudi makwao bila kujifunza tabia za dhahabu. Ujuzi waliupata. Hawakupata eneo wala mashine.

Mtaji mkubwa ulipofuata mshipa wa mwamba, mambo yalizidi kuegemea upande huohuo. New Saza, uliofanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956, ukawa mgodi wa pili kwa uzalishaji baada ya Geita katika Tanganyika ya wakati huo. Zebaki nayo, ambayo hunasa dhahabu, si uvumbuzi wa maskini: mitambo mingi ya zamani ya kuponda mawe ilipitisha tope juu ya mabamba ya shaba yaliyopakwa zebaki. Makampuni yaliiacha yalipohamia kwenye sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu. Mchimbaji mdogo alibaki nayo, kwa kuwa inabebeka mfukoni na haimlazimu kumiliki bomba wala tangi.

Hesabu ya leo inaeleweka vizuri zaidi mtu akifuata mfuko mmoja wa mbale, yaani mawe yenye dhahabu. Mchimbaji huupeleka kwenye karasha, unasagwa, tope linapitishwa kwenye mwalo uliotandikwa magunia au mazulia, kisha mchanga mweusi ulionaswa unachanganywa na zebaki na kuchomwa. Kwa njia hii mara nyingi hupatikana chini ya nusu ya dhahabu iliyomo. Iliyobaki imo kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, na kwa desturi ya machimbo mengi nchini, marudio ni ya mwenye karasha au mwalo, ambaye baadaye huyaloweka kwenye sianidi. Tajiri huyo hana sababu ya kununua meza nzuri ili mteja wake aondoke na dhahabu yote. Kila chembe inayomponyoka mchimbaji inaingia kwenye lundo la mwenye mtambo. Kuuita utaratibu huu ujinga wa mchimbaji ni kuangalia karai na kusahau lundo.

Wapo watakaosema mwenye mtambo ametia mtaji, na marudio ndiyo ujira wake, ndiyo maana kusaga huwa rahisi kwa asiye na fedha mkononi. Hoja hiyo ina uzito; bila mpango huo wengi wasingeweza kusaga hata mfuko mmoja. Kasoro ni kwamba ujira huo haupimwi. Mchimbaji analipa kwa kitu ambacho hajui thamani yake, naye mpokeaji anaijua, au ana uwezo wa kuijua. Wengine watasema ukame wa Lupa unaikataa meza. Mwalo nao unatumia maji, na maji ya vyote viwili yanaweza kutuama kwenye mabwawa madogo na kurudishwa kwa pampu. Kinachokosekana ni fedha ya pampu. Pingamizi zito zaidi ni la kijiolojia: sehemu ya dhahabu ya Lupa imefungwa ndani ya pairaiti au ni laini mno kwa meza yoyote, na mgodi wa New Luika, ulioanza kuzalisha 2012 katika machimbo hayohayo ya Lupa, hutegemea sianidi. Hilo nalikubali. Ninachosisitiza ni mpangilio wa kazi: maji kwanza, sianidi baadaye, na zebaki isiwepo katikati. Sianidi ikikutana na marudio yenye zebaki huiyeyusha na kuirahisishia njia ya kufika mtoni, na ndiyo sababu Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia 2020, unataka mchanganyiko huo ukomeshwe.

Mwaka 2019 serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio, ikafungua masoko ya madini, na mchimbaji akapata mizani anayoweza kuiamini. Mizani hiyo inapima kilichokwisha kufika sokoni. Dhahabu ya marudio hufika baadaye, kwa jina la mwenye matangi. Kama sampuli ya kila lundo ingepimwa maabara kabla halijabadili mkono, na majibu yakasomwa mbele ya pande zote mbili, mchimbaji wa Saza au Mkwajuni angeweza kudai punguzo la kusaga, mgao wa marudio, au kuungana na wenzake kununua meza na pampu yao.