Nomino za Mtawala, Kiwakilishi cha Jirani

Anayejifunza Kiingereza hukaririshwa mapema viwakilishi vya nafsi, kuanzia "I" hadi "they", kana kwamba vyote ni vya ukoo mmoja. Historia inaonyesha vingine. "They", pamoja na "them" na "their", asili yake ni Kinorsi, lugha ya watu wa Skandinavia walioanza kuishambulia Uingereza mwishoni mwa karne ya 8 na ambao, kuanzia mwaka 876, waligawana ardhi ya kaskazini na mashariki wakawa wakulima. Ni nadra lugha kukopa viwakilishi. Nomino huingia pamoja na bidhaa, dini na serikali, ilhali kiwakilishi hakina mzigo wa kusindikiza. Ndiyo maana nashikilia kwamba watawala walikipa Kiingereza nomino nyingi, lakini kiwakilishi hiki kililetwa na ujirani.

Tazama Wanormani. Walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakuu kwa vizazi vingi, na hadi leo nomino za utawala zina alama yao: "court", "judge", "prison", "parliament". Hata hivyo, mamlaka yote hayo hayakuacha kiwakilishi cha nafsi hata kimoja. Wakulima wa Kinorsi waliacha nomino za nyumbani, kama "egg", "knife" na "window", kisha wakaacha na "they". Lugha yao ilikuwa ndugu wa karibu wa Kiingereza, na palikuwa na haja. Katika Kiingereza cha kale, nafsi ya tatu ilikuwa na "he" kwa mwanamume, "heo" kwa mwanamke na "hie" kwa wingi. Kadiri irabu zilivyodhoofika, maneno hayo yalikaribiana kimatamshi hata ikawa vigumu kuyatofautisha. Neno la jirani likaondoa utata. Katika karne ya 12, mtawa Orm, aliyeandika mashariki mwa nchi, tayari alikuwa akilitumia. Miaka mia mbili baadaye, mshairi Chaucer wa London alikuwa na "they" kwa mtenda, lakini kwingineko akabaki na "hem" na "hir". Neno lilisafiri kutoka mashambani kuelekea mji mkuu. Amri ya dola ingefuata njia ya kinyume.

Yupo atakayesema kwamba Wanorsi nao walitawala, kwani Knut alikuwa mfalme wa Uingereza yote kuanzia mwaka 1016. Ni kweli, ila neno halikuanzia kusini, kwenye kitovu cha ufalme. Lilianzia walikolima watu wake. Wapo pia wataalamu wanaoona kwamba kionyeshi cha Kiingereza chenyewe, chenye maana ya "hao", kilichangia kuzaa "they". Huenda kilichangia. Lakini kionyeshi hicho kilikuwapo nchi nzima, na bado mabadiliko yalitangulia pale Wanorsi walipokaa. Pingamizi zito zaidi latoka pwani yetu. Waswahili na Waarabu wameishi pamoja na kuoana kwa karne nyingi. Kiswahili kikapokea "kitabu", "wakati", hata namba sita, saba na tisa, lakini mimi, wewe na yeye vimebaki vya Kibantu. Hapo nakubali kwamba ujirani pekee hautoshi. Sharti lugha zenyewe ziwe na undugu wa kimuundo, na pawepo pengo la kuzibwa. Kaskazini mwa Uingereza masharti yote matatu yalikutana.

Kwa hiyo mwalimu anayefundisha viwakilishi hivi asiviite kanuni tupu za kukariri. Mwanafunzi atahitaji kanuni ili afaulu mtihani, lakini anastahili pia kujua zilikotoka. Kumbukumbu za wafalme zitamweleza jinsi Kiingereza kilivyopata maneno ya mahakama na magereza. Hazitamweleza habari za wakulima wasiojulikana majina, ambao kwa kuelewana tu na majirani zao walibadili sehemu ya lugha ambayo hakuna mtekaji aliyeifikia.