Uharamia wa Gemu: Neno Lililohukumu Kabla ya Kesi

Uharamia tuliujua baharini kabla haujaingia kwenye gemu. Haramia huvizia chombo, hukipora kwa nguvu, na mwenye mali hubaki mikono mitupu. Tangu karne ya 17 Waingereza walimwita hivyo mchapaji aliyetoa kitabu cha mwenzake bila ruhusa, nasi tukaipokea sitiari yao nzimanzima. Ila sisi tuliiongezea uzito: mzizi wa neno letu ni haramu, kwa hiyo hukumu imo ndani ya jina. Hata Waarabu, waliotupa mzizi huo, kwa programu na gemu husema qarsana, neno la unyang'anyi wa baharini tu.

Ukali wa neno haunisumbui sana. Kinachonisumbua ni kwamba linaficha jinsi hasara inavyotokea. Anayepakua gemu bila kulipa hakumpokonya mtengenezaji nakala. Amemkosesha bei yake, tena iwapo tu angeinunua. Mwaka 2013 Greenheart Games, kampuni ya ndugu wawili, ilitoa Game Dev Tycoon, na papo hapo ikasambaza yenyewe nakala iliyofanana na za wizi. Siku ya kwanza, kati ya wachezaji 3,318, waliolipa walikuwa 214. Kuwahesabu wale 3,104 wote kuwa wateja waliopotea ni kutia chumvi. Kudai hakuna hata mmoja ambaye angelipa ni uongo. Utafiti wa William Volckmann uliochapishwa 2024 unatusogeza karibu zaidi na ukweli. Alichunguza gemu za kompyuta zilizofungwa kwa Denuvo, kinga ya programu dhidi ya kunakiliwa bila ruhusa, akakuta kwamba kinga ikivunjwa wiki ya kwanza, mapato hupungua kwa wastani wa takriban asilimia 20. Ikivunjwa baada ya wiki 12, hasara karibu haipo. Asilimia 20 ni mishahara ya watu, na inastahili kutajwa kwa kipimo chake.

Kwa hiyo tendo la mchezaji naliita udurufu bila idhini. Uharamia ubaki kwa mfanyabiashara anayejaza gemu za wizi kwenye diski au konsoli na kutoza fedha: mteja wake amekwisha kuonyesha kwamba yuko tayari kulipa, walau kidogo, na fedha hiyo haimfikii aliyeitengeneza gemu.

Itasemwa kwamba kulegeza neno ni kulegeza kosa. Sivyo; kukiuka hakimiliki kunabaki kosa kisheria, na bei kubwa hueleza tu kwa nini mtu amedurufu, haimpi haki. Lakini kijana anayebandikwa jina moja na mteka meli hulitupa jina pamoja na hoja iliyobebwa nalo. Wale ndugu wawili walichagua kumwonyesha hasara yenyewe: katika nakala waliyoisambaza, kampuni anayoijenga mchezaji hufilisika kwa kuwa watu wanadurufu gemu zake bila kulipa. Baadhi ya wachezaji hao walikwenda mtandaoni kuuliza wafanye nini gemu zao zisiibwe.