Wageni wa Mlimani na Jembe la Historia

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usemi huu hautufunzi ukarimu peke yake. Unatufunza pia kwamba mgeni hupimwa kwa kazi aifanyayo katika shamba la mwenyeji wake. Katika makala haya tutautumia kuwapima wataalamu wa kigeni waliofundisha historia katika chuo cha Dar es Salaam, wakati taifa letu lilipokuwa likiwalea wanahistoria wake wa kwanza.

Chuo hicho kilianza Oktoba 1961 kwa kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Siku zile za mwanzo walimu wazalendo walikuwa wachache mno, na wengine walikuwa bado ng'ambo wakisoma. Isaria Kimambo, kwa mfano, alitunukiwa shahada ya udaktari huko Marekani mwaka 1967. Hapakuwa na budi, basi, kuwakaribisha wageni. Alikuja Terence Ranger, Mwingereza aliyefukuzwa Rhodesia ya Kusini mwaka 1963 na watawala waliochukizwa na msimamo wake wa kupinga ubaguzi wa rangi. Alikuja John Iliffe, naye Mwingereza. Alikuja pia Walter Rodney wa Guyana, ambaye kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa mwaka 1972.

Kumlea mwanafunzi wa shahada ya udaktari si sawa na kuhutubia darasa. Mwalimu huisoma tasnifu sura kwa sura, na katika kila sura humrudishia mwanafunzi swali lile lile: umejuaje? Swali hilo ndilo jembe lenyewe. Mgeni alilijua, kwani alikuwa amekwisha kulishika kwao. Lakini shamba alilijua mwenyeji.

Vita vya Maji Maji vinatuonyesha jambo hili waziwazi. Kwa miaka mingi masimulizi ya vita hivyo yalitegemea sana maandishi ya Wajerumani wenyewe, kikiwamo kitabu cha Gavana Götzen cha mwaka 1909. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo, wakiongozwa na Iliffe pamoja na Gilbert Gwassa, Mtanzania, walikwenda vijijini kuwahoji wazee. Kupata ushahidi huo kulihitaji mtu ajuaye kuamkia, kuketi na kungoja mzee amalize neno lake. Hayo hayafundishwi London. Gwassa aliendelea na uchunguzi huo, na mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimtunuku shahada ya udaktari kwa tasnifu juu ya kuzuka na kuenea kwa vita hivyo. Swali la mgeni na ushahidi wa wazee wetu vilikutana mikononi mwa mwananchi.

Hata hivyo, wageni hawakukaa daima. Ranger aliondoka mwaka 1969, na Rodney mwaka 1974. Kama elimu ingalikuwa mali yao peke yao, ingaliondoka nao. Haikuondoka. Mwaka 1969 Kimambo na Arnold Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania, na mwaka 1981 Temu na Bonaventure Swai walichapisha kitabu kilichoikosoa vikali ile njia ya kuandika historia iliyojengwa Mlimani zama za Ranger. Wako watakaoona huko ni kukosa shukrani. Sisi twaona sivyo. Mwanafunzi anayeweza kumuuliza mwalimu wake "umejuaje?" ndiye aliyefundishwa kweli.

Limebaki deni moja. Wazee wengi walitoa ushahidi wao kwa Kiswahili na kwa lugha za makwao, lakini tasnifu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mjukuu wa msimulizi aliyeko Umatumbi au Ungoni hawezi kuisoma historia ya babu yake bila kwanza kupita katika lugha ya kigeni. Deni hili hatuwezi kuwatwisha wageni. Wao walilima sehemu yao wakaenda zao. Ni juu yetu, walimu na wanafunzi, kuyarudisha mavuno hayo kwa wenyewe, katika lugha waliyoyatolea.