Tiba ya Nafsi Katika Unguja

Mtu aliyeshikwa na maradhi ya akili katika kisiwa cha Unguja hakukosa mahali pa kupelekwa. Taabu yake ilikuwa ya namna nyingine: milango ilikuwa mingi, na wenye milango hawakusemezana. Kwa mwalimu wa chuoni alificha ya kuwa ametoka kwa fundi wa pepo, na alipofikishwa hospitali akayaficha yote mawili. Siku hizi wataalamu hunena habari za tiba ya nafsi ifuatayo mila na lugha ya mgonjwa, na aghalabu huinena kana kwamba ni jambo jipya lililovuka bahari. Walakini historia ya Unguja yaonyesha ya kuwa sehemu kubwa ya tiba hiyo ilikuwapo tangu zamani. Lililo jipya ni moja, nalo ni zito: kwamba mgonjwa asilazimike tena kuficha.

Mlango wa kale ni kilinge. Mgonjwa aliyeshindikana kwa mitishamba alipelekwa kwa fundi, akafukizwa, ngoma zikapigwa, hata pepo akampanda kichwani. Hapo fundi hakufanya haraka ya kumfukuza. Alimwuliza kwanza: Wewe nani? Kabila lako lipi? Watoka wapi? Wataka nini kwa kiti chako? Majibu yalitofautiana. Ruhani, aliye Mwislamu mwenye asili ya Uarabuni, hutaka udi na marashi; kibuki, aliyetoka Bukini, hutaka brandi; rubamba ni wa Pemba, na habeshi ni wa Uhabeshi. Hivyo orodha ya pepo wa Unguja ni mfano wa daftari la forodha, kwa maana ndani yake yamo mataifa yaliyoletwa kisiwani na pepo za misimu, na biashara, na utumwa.

Katika kilinge mgonjwa hakuwa peke yake. Jamaa walihudhuria, wakachangia gharama, wakasikiliza. Mke asiyeweza kumwambia mumewe neno la uchungu kwa ulimi wake mwenyewe, pepo wake aliweza kulisema mbele ya watu wote, wala mwenye kusema hakulaumiwa. Mara nyingi pepo hakuondolewa kabisa. Yalifanywa mapatano naye, na mgonjwa akaingia katika chama cha wenye pepo wa namna yake. Humo aliitwa mteja, neno ambalo leo lasikika zaidi madukani.

Mlango wa pili ni wa mwalimu. Yeye alisoma dua, akaandika aya kwa zafarani juu ya sahani, akaziosha kwa maji, na maji yale, yaani kombe, akampa mgonjwa ayanywe. Nyuma ya desturi za namna hii ipo elimu pana ya Waislamu juu ya nafsi. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akaeleza hasira, hofu, huzuni na wasiwasi kila moja kwa sifa zake, na akafundisha jinsi maneno na fikira njema ziwezavyo kuwa dawa. Neno wasiwasi limo katika Kiswahili hata leo, na kila mtu wa Unguja alijua maana yake kabla ya kufika daktari yeyote wa akili.

Mlango wa tatu ulifunguliwa na serikali, baada ya Unguja kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu imejulikana sana mjini, hata jina lake, kama lilivyo jina la Mirembe huko Dodoma na la Mathari huko Nairobi, likawa kama jina la maradhi yenyewe. Elimu ya ukoloni katika mambo haya haikupenda kuuliza. J. C. Carothers, daktari aliyesimamia Mathari tangu 1938 hata 1950, alitoa kitabu mwaka 1953 kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani juu ya akili ya Mwafrika. Humo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Mtu aliyeamini hivyo angeuliza nini? Kwake maneno ya mgonjwa yalikuwa dalili tu, hayakuwa habari.

Jibu lilitoka Afrika yenyewe. Mwaka 1954 Thomas Adeoye Lambo alianzisha huko Aro, karibu na Abeokuta katika Nigeria, mpango wa kuwapangisha wagonjwa katika nyumba za wanakijiji pamoja na ndugu zao, na waganga wa kienyeji akawakaribisha wafanye kazi pamoja naye. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ulitambua ya kuwa waganga wa jadi wana nafasi katika afya ya watu. Katika miaka ya 1990 Juli McGruder, mtaalamu wa Marekani, alikaa Unguja akichunguza familia zenye wagonjwa wa skizofrenia. Aliona ya kuwa imani ya pepo, ambayo wageni wengi waliidharau, ilimweka mgonjwa ndani ya jamaa: maradhi yalihesabiwa kuwa ni kitu kijacho na kiendacho, na yalipotulia mtu alirudi katika kazi na heshima yake. Hata mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilitoa, pamoja na mwongozo wake mpya wa maradhi, maswali 16 ya kumwuliza mgonjwa: tatizo lako waliitaje, wadhani limetoka wapi, nani amekusaidia, wataka msaada gani. Mwenye kuyasoma maswali hayo hawezi kukosa kumkumbuka fundi katika kilinge.

Basi aanzaye tiba ya namna hii leo atarajie nini? Kwanza, ataulizwa kabla ya kuambiwa. Akisema moyo wake mzito, au mawazo yamemzidi, au ana shetani kichwani, maneno hayo yatapokewa yalivyo, wala hayatageuzwa upesi kuwa majina ya vitabuni. Pili, ataulizwa juu ya jamaa, na ya kuwa awataka wawepo au awataka wakae mbali. Maana katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako kila baraza ina macho, sitara ni sehemu ya dawa. Tatu, asitarajie kupona kwa siku moja, wala asidhani mazungumzo yatachukua mahali pa vidonge pale vinapohitajiwa. Nne, ataulizwa ni wapi kwingine amekwenda, na jibu lake halitachekwa. Zanzibar ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2008. Kwenda kwa mganga si jambo la kukanwa mbele ya daktari.

Hata hivyo kuheshimu mila si kuisifu yote. Wapo wagonjwa waliofungwa minyororo na kupigwa kwa jina la uganga, na wapo wenye kifafa waliocheleweshwa miaka wakingojea pepo aseme. Tabibu mwenye kujua mila ndiye awezaye kusema neno hili likasikiwa, kwa kuwa ameuliza kwanza. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Kwa muda mrefu mgonjwa wa Unguja alilaumiwa kwa kuficha, na kumbe waliopaswa kulaumiwa ni wale waliomfanya aone haya kusema.