Kutoka Pango la Ngawira hadi Mahakamani: Ubishi wa Wachezaji wa Destiny, 2014–2025

Katika ukumbi wa michezo ya video niliokuwa nikienda nikiwa sekondari, hapa Kampala, tulilipia mechi. Pesa zako zikiisha unampisha mwenzako. Ndiyo maana pale ilitawala michezo ya mpira na ya ngumi, ambayo huisha kabla ya anayengoja hajaanza kunung'unika. Hakuna aliyekuwa radhi kulipia saa nzima za kutafuta bunduki moja. Nilipokuja kusoma baadaye kwamba nchi nyingine kuna watu wazima, wenye kazi na watoto, waliorudia pambano lile lile wiki baada ya wiki ili wapate viatu vya mhusika asiyekuwapo duniani, niliona ni wendawazimu. Insha hii imetokana na mshangao huo. Nimejaribu kuutazama ubishi wao kama historia, yaani kuuliza ulianza lini, ulibadilika vipi, na walichokuwa wakigombania kilikuwa nini hasa.

Michezo ninayoizungumzia ni ile ya risasi na ngawira. Unaua maadui, wanaangusha silaha na mavazi, unavaa kilicho bora, kisha unakwenda kuua maadui wakubwa zaidi. Hadithi inapoisha mchezo hauishi. Unaanza kurudia kazi zile zile ukitafuta kitu adimu, na hilo nitaliita kusota, kwa maana ya kuhangaika muda mrefu ukingojea kitu ambacho huna uhakika kitakuja. Baadhi ya michezo hiyo huendeshwa kwa mtindo wa huduma: iko kwenye seva za kampuni, inabadilishwa kila mara, na bila intaneti haifunguki.

Kusota ni kukongwe kuliko huduma. Diablo, uliotoka mwishoni mwa 1996, uliwazoesha wachezaji kutazama rangi ya jina la kitu kilichoanguka chini ili wajue kama bahati imewaangukia. Mwaka 2007 baadhi ya waliotengeneza Diablo walitoa Hellgate: London, wakachanganya bunduki na ngawira, na waliotaka vitu vya ziada mtandaoni wakatozwa ada ya kila mwezi. Kampuni yao ilianguka mwaka uliofuata, na mwisho wa Januari 2009 seva za Marekani na Ulaya zikazimwa. Aliyependa kucheza peke yake, hata hivyo, alibaki na mchezo wake. Mwaka huo huo ulitoka Borderlands, wenye bunduki nyingi zisizohesabika na usiomlazimisha mtu kuwa mtandaoni. Lakini hata huko malalamiko yalikuwapo. Aprili 2013 kikomo cha Borderlands 2 kilipandishwa kutoka kiwango cha 50 hadi 61, na bunduki zilizotafutwa kwa miezi zikawa kama vijiti mbele ya maadui wapya. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaoandika kana kwamba kabla ya michezo ya huduma wachezaji waliishi peponi.

Kilichokuja na Destiny mwaka 2014 kilikuwa kimepangwa mapema, na ushahidi upo. Katika kesi iliyohusu watu wengine kabisa, mkataba wa mwaka 2010 kati ya Bungie, watengenezaji, na Activision, wasambazaji, ulifika hadharani Mei 2012. Ulieleza michezo minne itakayopishana kwa miaka miwili miwili, na nyongeza nne kubwa katikati yake. Yaani ratiba ya muda wa mchezaji iliandikwa kabla ya mchezo wenyewe kuwapo.

Mchezo ulitoka tarehe 9 Septemba 2014. Katika wiki mbili za mwanzo wachezaji waligundua pango dogo katika eneo liitwalo Cosmodrome, ambako maadui walitoka bila kukoma. Watu sita wageni walisimama mbali kidogo, wakapiga risasi kuelekea mdomo wa pango, kisha mmoja akakimbia ndani kuokota ngawira. Hakukuwa na hadithi wala hatari. Wakaliita Pango la Ngawira. Tarehe 25 Septemba Bungie waliliziba kwa sasisho, wakieleza kwamba kulenga risasi shimo jeusi kwa saa nyingi sio namna waliyoota mchezo wao uchezwe.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza kwa sauti, na mimi naona pango lile linafaa kusomwa kama tunavyosoma mgomo wa kazini. Upande mmoja ulisema: mchezo ni mbovu, la sivyo watu wasingechagua kusimama mbele ya pango. Upande mwingine ukasema: wanaosimama pale ni wavivu wanaotaka mshahara bila jasho. Tazama lugha iliyotumika. Pande zote mbili zilizungumzia burudani kwa maneno ya ajira: jasho, ujira, haki, kustahili. Hata watengenezaji, walipolifunga pango, walikuwa wakiamua kazi ipi ihesabiwe kuwa kazi.

Kisha likaja tatizo la viatu. Katika Destiny ya mwanzo ulipanda hadi kiwango cha 20 kwa kucheza tu. Kutoka hapo hadi 30 ulihitaji mavazi yenye Mwanga, na mavazi ya kukufikisha 30 yalitoka katika uvamizi mmoja mgumu, Vault of Glass, unaochezwa na watu sita na unaotoa zawadi mara moja kwa wiki. Kila kitu kilitoka kwa bahati. Wako waliomaliza uvamizi huo wiki nyingi wakapata kofia ileile tena na tena, na kipande kimoja kilichobaki, mara nyingi viatu, hakikuja. Walibaki kiwango cha 29, na jina la utani la kundi hilo likawa mzaha wa mwaka mzima. Kombora liitwalo Gjallarhorn lilizidisha mambo. Mfanyabiashara wa mchezoni aliliuza wiki ya pili kwa sarafu 17, wakati wengi hawakujua thamani yake. Baadaye vikundi vilianza kuwakataa wasio nalo. Lilipouzwa tena Agosti 2015, zilikuwa zimebaki wiki chache tu kabla ya nyongeza ya The Taken King kuliacha nyuma.

Waliotetea kusota walikuwa na hoja ambayo mwanzoni niliidharau. Walisema kitu kisichopatikana kwa urahisi huwapa watu sababu ya kukutana. Kazi za wiki hufunguliwa upya kila Jumanne. Kwa Destiny 2, ni saa mbili usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Marafiki waliotengana baada ya shule, wengine wakiwa nchi tofauti, walikutana Jumanne kwa kisingizio cha viatu. Ninazo barza zangu mwenyewe, ambako karata ni kisingizio tu, kwa hiyo siwezi kuwacheka. Waliopinga walijibu kwamba urafiki hauhitaji mtu mwingine aushikie funguo. Wenye watoto wachanga na kazi za zamu waliongeza kwamba Jumanne haimsubiri mtu. Nadhani wote walisema kweli, na ndiyo maana ubishi haukuisha.

Mwaka 2017 ulitoa jaribio ambalo mwanahistoria hupata mara chache. Destiny 2 ulitoka Septemba ukiwa umelegezwa. Kila bunduki ya jina moja ilikuwa na sifa zile zile kwa kila mtu, hivyo ukiipata mara moja huna sababu ya kuitafuta tena. Wapinga kusota walikuwa wamepewa walichodai. Ndani ya wiki chache lalamiko kubwa likawa kwamba hakuna cha kutafuta. Forsaken ya Septemba 2018 ilipozirudisha sifa za kubahatisha, wengi walishangilia kurudi kwa kazi waliyoilaani miaka minne kabla. Wapo wanaotumia tukio hili kuthibitisha kwamba mashabiki hawajui wanachotaka. Mimi silioni hivyo. Waliolalamika 2014 na waliolalamika 2017 hawakuwa lazima watu wale wale, na hata kama walikuwa ndio, walichokidai mwanzo ni kusota kwenye mwisho unaoonekana. Kuondolewa kusota na kuwekewa mwisho ni mambo mawili tofauti.

Novemba 2017 ubishi uliacha kuhusu ladha ukawa kuhusu uaminifu. Wachezaji walichukua saa na daftari, wakapima, wakagundua kwamba pointi za uzoefu zilizoonyeshwa kwenye skrini hazikuwa zile walizopewa; aliyerudia kazi moja kwa kasi alipunguziwa bila kuambiwa. Kila kiwango kilichopandwa kilileta kasha la mapambo, na makasha hayo hayo yaliuzwa dukani kwa pesa halisi. Bungie walikiri na kuuzima mfumo huo, lakini papo hapo pointi zinazohitajika kwa kila kiwango ziliongezwa kutoka 80,000 hadi 160,000, na wachezaji ndio waliogundua tena. Kwa maoni yangu hili ni tukio zito kuliko pango. Mfanyakazi anaweza kubishana juu ya mshahara mdogo. Mizani ya kupimia pamba inapochezewa, ubishi ni mwingine.

Hatua ya mwisho ilianza 2020. Kwanza ilitangazwa kwamba silaha zitawekewa kikomo cha nguvu, ili baada ya takriban mwaka zisifae katika kazi ngumu. Mpango huo ulipingwa hadi ukasitishwa Februari 2021. Lakini tarehe 10 Novemba 2020, pamoja na nyongeza ya Beyond Light, ziliondolewa sayari na hadithi nzima nzima, ikiwemo Red War, hadithi ya kwanza ya Destiny 2 iliyouzwa 2017 katika kasha lenye diski. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kiufundi: mchezo ulikuwa umezidi GB 100 na ulikuwa mgumu kurekebishwa. Kwa mtu anayepakua kwa bando la simu, nakiri kwamba hoja ya ukubwa si ndogo. Februari 2022 hadithi ya Forsaken nayo ikaondolewa. Waliokuwa wakibishana juu ya saa ngapi ni nyingi mno sasa walijikuta wanauliza saa zile zimekwenda wapi.

Hapa swali lao linakutana na fani yetu. Oktoba 2024 mwandishi mmoja alifungua kesi katika mahakama ya shirikisho huko Louisiana, akidai kwamba Red War ilichukua mambo kutoka katika maandishi yake. Bungie waliomba kesi itupwe. Ili hakimu alinganishe kazi mbili alihitaji kuiona ya pili, na hadithi yenyewe haikuweza tena kuchezwa. Waliwasilisha video za YouTube na kurasa za kamusi elezo zilizoandikwa na mashabiki. Mei 2025 hakimu alikataa kuzitegemea katika hatua ile, na ombi likashindwa. Sijui nani alikuwa na haki katika dai la msingi, na silihitaji hapa. Ninachokiona ni kwamba waliotengeneza kitu, mbele ya mahakama, walikwenda kuazima kumbukumbu kwa wale waliokuwa wakisota.

Pango nalo lilikumbukwa. Desemba 2021 Bungie, wakisherehekea miaka 30 ya kampuni, walitoa shimo la mapambano lililojengwa juu ya Pango la Ngawira, likiwa na mdomo ule ule na uchoyo ukiwa ndio maudhui. Kilichozibwa kwa aibu mwaka 2014 kikawa mnara wa ukumbusho, nao uliuzwa.

Nilipompelekea mwalimu wangu pendekezo la insha hii aliuliza chanzo changu cha kwanza ni kipi. Nilijibu kwamba ni mchezo. Akaniambia nimletee. Basi nimeitazama Red War kwa video ya mchezaji mmoja, saa kadhaa, usiku wakati bando ni nafuu. Ni mchezaji mwenye haraka. Anayakatisha mazungumzo kabla hayajaisha, na katika mji ulioungua anapita upande wa kulia, penye ngazi zinazoshuka mahali nisipopaona. Nimeirudisha video nyuma mara tatu, na kila mara anapita kulia.