Nafaka Uani na Wageni Wake

Amwagaye nafaka uani huwa na nia yake. Mmoja awatakia njiwa wake chakula, mwingine ataka mtama ukauke juani, mwingine hupenda tu kuwatazama ndege wakidonoa asubuhi. Lakini nafaka haichagui mgeni.

Huko Uingereza desturi ya kuwalisha ndege wa porini ilienea sana baada ya baridi kali ya mwaka 1890 na 1891, magazeti yalipowasihi watu wawatupie ndege makombo wasife kwa njaa. Baadaye watu wakasimamisha meza ndogo juu ya nguzo bustanini. Ndege wakaja, na nyuma yao kindi, na nyuma ya kindi panya, waokotao punje zilizoanguka. Katika Marekani ya Kaskazini hata dubu huja, naye huiangusha nguzo pamoja na meza yake. Kwa hiyo watunzaji wa wanyama huwaonya watu waziondoe meza hizo majira ya dubu kuzunguka. Mtu kualika shomoro akapata dubu, jambo hilo lachekesha kidogo.

Kwetu Nyakisasa hatuna dubu. Afugaye njiwa amjua kanu, apandaye usiku hata kwenye kibanda chao, na kipanga ajaye mchana. Nyoka naye huja, wala si kwa ajili ya mtama, bali kwa ajili ya panya alao mtama. Hao wote tunawaona na kuwafukuza. Mgeni aliyewaua watu wengi kupita hao wote hakuonekana kwa miaka mingi, maana alikuja amejificha katika manyoya ya panya.

Katika mkoa wetu huu wa Kagera, kaskazini ya Bukoba karibu na mpaka wa Uganda, iko nchi ya Kiziba. Zamani za Wajerumani watu wa huko waliugua homa kali na mitoki, wakafa upesi. Mwaka 1897 daktari mkuu Robert Koch alifika Dar es Salaam akitoka Bombay, alikokuwa akichunguza tauni, akasikia habari hizo. Yeye mwenyewe hakufika Kiziba. Alikwenda daktari mwingine, Zupitza, naye akampelekea vitu vya kupimwa. Mwaka 1898 Koch akatangaza kwamba ugonjwa ule ni tauni ile ile ya Bombay. Wenyeji hawakungoja tangazo hilo. Wao walikwisha kujua kwamba panya wakianza kufa nyumbani, zamu ya watu imekaribia, nao walihama. Baganda pia waliujua tangu kale, wakauita kaumpuli. Naona haki kusema kwamba wazee hao, pasipo darubini, walikuwa wameishika nusu ya habari yenyewe.

Nusu ya pili ilikawia. Kijidudu cha tauni kilikuwa kimevumbuliwa na Alexandre Yersin mjini Hong Kong mwaka 1894, lakini njia yake kutoka kwa panya hata kwa mtu haikujulikana. Mwaka 1898, katika mji wa Karachi, Mfaransa Paul-Louis Simond alionyesha kwamba kiroboto ndiye mchukuzi. Wengi walimcheka, hata uchunguzi uliofanywa India miaka michache baadaye ukamthibitisha. Msomaji akifungua Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 6, atawaona Wafilisti wakipeleka sanamu za dhahabu za majipu pamoja na za panya. Wapo wataalamu wadhanio kwamba maradhi yale yalikuwa tauni.

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya kale tu. Katika wilaya ya Lushoto, milimani Usambara, tauni ilizuka mwaka 1980, ikarudi mara kwa mara zaidi ya miaka ishirini, na watu zaidi ya 7,000 waliugua. Huko wengi walikuwa wakihifadhi mahindi darini, juu ya chumba walalamo. Mahindi yaliwaita panya, panya wakaleta viroboto, na viroboto wakawashukia waliolala chini. Ghala iliyojengwa mbali na nyumba, juu ya miguu iliyovikwa bati laini, humzuia panya kupanda. Tena punje zilizobaki uani zikifagiliwa jua lisijachwa, hana sababu ya kukaribia.

Na palipo na tauni, mwenye haraka ya kuwaua panya kwa sumu ajiletea hatari. Kiroboto hakai katika mwili uliopoa. Panya akifa, humwacha, akatafuta damu yenye joto iliyo karibu, nayo huwa ni ya mtoto aliyelala juu ya mkeka. Kwa hiyo wajuao kazi hiyo hunyunyiza kwanza dawa ya viroboto nyumbani na katika mashimo ya panya, na viroboto wakiisha kufa, ndipo hutega mitego na kuweka sumu.